Droni kwa harusi, chopa kwa mazishi: Hatari ya angani Nax haiko penye unafikiria

Siku hizi harusi Nakuru bila droni ni kama chapo bila madondo. Jumamosi yoyote, kuanzia Milimani hadi Njoro, lazima kuna msee amesimama kando ya hema na rimoti mkononi, shingo imeinama nyuma, na ka-mashine kanalia kama nyuki juu ya vichwa vya wageni. Bibi harusi anataka ile vidio ya kutoka juu. MC anataka wageni wapunge mikono. Mathe wa bibi harusi anauliza kama hiyo kitu inaweza shuka kidogo imwone vizuri. Na yule msee wa droni, kwa sababu hajalipwa balansi, anaishusha.

Hii stori si ya kuambia mtu auze droni yake. Kwa vijana wengi hapa Nax, droni moja imelipa keja, imenunua kamera ya pili, na imefungua job za shamba, za kampeni na za matangazo ya ploti. Shida ni kwamba tukiongelea droni Kenya, tunaongelea kibali, faini na karao. Tunaruka swali la kwanza: hii kitu ikianguka saa hii, inaangukia nani? Na kwa watu wa Rift ya kati kuna swali la pili lenye halipatikani kwa zile vidio za YouTube za wazungu: ni nini ingine inapita hewani hapo hapo?

Acha tupige hesabu polepole.

Hatari inahesabiwa kama mkeka

Wenye kazi ya kupima hatari wanauliza vitu viwili tu. Kuna nafasi gani hii kitu iharibike? Na ikiharibika, itaumiza kiasi gani? Unachukua hizo mbili unaziweka pamoja. Kitu inaweza haribika mara nyingi na isiumize mtu, kama droni ikianguka kwa shamba ya ngano Njoro bila mtu karibu. Na kitu inaweza haribika mara moja tu kwa miaka kumi na iue watu.

Wengi wetu tunadanganywa na hiyo ya kwanza. Msee anakuambia, "Nimeruka miaka miwili, sijawahi angusha." Poa. Lakini kila mtu wa mkeka anajua: ukicheza timu moja yenye uhakika uko fiti, ukiweka timu 20 zenye uhakika kwa mkeka mmoja, kuna moja itakuchoma.

Chukua mfano, na ni mfano tu. Tuseme droni yako ina nafasi ya kuleta shida kubwa mara moja kwa kila mara 500 unaporuka. Inasikika kama kitu kidogo sana. Sasa piga job moja kila Jumamosi, uruke mara nne kwa kila job. Kwa mwaka hiyo ni karibu mara 200. Nafasi yako ya kupata hiyo shida angalau mara moja ndani ya mwaka ni karibu asilimia 33. Ukiendelea miaka mitatu, inafika karibu asilimia 70. Droni haijazeeka, na wewe hujakuwa mzembe. Umeruka tu mara nyingi.

Kwa hivyo msee wa droni mwenye job nyingi hafai kuuliza kama itaanguka. Achukulie itaanguka siku moja, kisha aulize siku hiyo itakuwa juu ya nini.

Pakiti ya unga kutoka gorofa ya arobaini

Droni ndogo zile watu wanabeba kwa begi, kama DJI Mini, zina gramu 249. Mavic 3 ina gramu 895. Hiyo ya pili ni karibu uzito wa pakiti ya unga ya kilo moja, na iko na kona, betri ngumu katikati na propela nne kali.

Sheria ya Kenya inakuruhusu kufika mita 120 juu ya ardhi, yaani futi 400. Hiyo ni kama gorofa ya arobaini, na Nakuru hatuna jengo la gorofa arobaini. Betri ikikata huko juu, droni inafika chini kwa sekunde chache tu. Huna muda wa kupiga nduru na mathe ahame kiti.

Ikigonga chini kwa mwendo wa kilomita 72 kwa saa, ile ya gramu 895 inakuwa na nguvu ya karibu jouli 180. Ulaya wanatumia jouli 80 kama mstari wa kupima mgongano wa kichwa kwa daraja moja la droni nyepesi, au wanakubali droni iwe tu chini ya gramu 900. Na hata droni ikipita huo mtihani, bado Ulaya hawakuruhusu kuipeleka juu ya mkusanyiko wa watu. Soma hapo tena: droni nyepesi, rubani amesajiliwa, na bado juu ya umati ni hapana.

Hizi si ndoto. Tarehe 21 Desemba 2024, huko Orlando, Marekani, kulikuwa na shoo ya Krismasi ya mamia ya droni juu ya ziwa Eola. Zilikuwa za kampuni, zenye kibali, zenye mpango. Zikaanza kugongana na kuanguka. Moja ikampiga mtoto wa miaka 7 kifuani, na akapelekwa kufanyiwa upasuaji wa moyo. Hao walikuwa wataalamu, na droni zilifaa kubaki upande wa ziwa, mbali na watu.

Na kuna ile ya Desemba 2015 huko Italia. Bingwa wa kuteleza kwa theluji, Marcel Hirscher, alikuwa katikati ya mbio wakati droni kubwa ya kamera ya televisheni ilianguka nyuma yake kabisa. Angechelewa kidogo tu, ingempata. Shirikisho la huo mchezo likapiga marufuku droni za kamera kwa mashindano yake. Sasa fikiria Prinsloo Sevens pale Nakuru Athletic Club, uwanja umejaa, vijana wamechangamka, na wasee watatu tofauti wameinua droni tatu ambazo hazijuani.

Kuna madhara mengine yenye hayahitaji droni kugusa mtu. Droni ikianguka mbele ya matatu kwa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, dereva atakata kona. Ikishuka mbele ya boda kwa kona ya Njoro, msee wa boda ataangalia juu badala ya kuangalia barabara. Na watoto mtaani wakiona droni inashuka, hawakimbii kwenda mbali. Wanakimbilia hapo hapo propela ziko.

Chopa haina steji

Hapa ndio Rift ya kati inatofautiana na mahali kwingine, na ndio sehemu inafaa kukukosesha usingizi.

Watu wakisikia "droni na ndege" wanafikiria uwanja mkubwa wa ndege. Wanakumbuka Gatwick, Uingereza, Desemba 2018, vile ripoti za droni zilifunga uwanja na karibu safari 1,000 zikavurugwa. Halafu wanasema, "Sisi Nakuru hatuna uwanja kama huo, kwa hivyo hewa ni yetu."

Kwanza, Lanet kuna kiwanja cha ndege, kiko karibu na kambi ya jeshi, na kuna mpango wa kukipanua kiwe uwanja kamili. Pili, na hii ndio kubwa, ndege yenye inakuhusu zaidi hapa haihitaji uwanja. Ni chopa.

Cheki vile Jumamosi za Rift zinaenda. Kuna mazishi Subukia, kuna harambee Molo, kuna mkutano wa siasa Gilgil. Mheshimiwa anafika na chopa. Inashuka kwa uwanja wa shule ya msingi, vumbi inapanda, watoto wanakimbia, watu wanatoa simu. Hakuna mnara wa kuongoza ndege hapo. Hakuna ratiba ukutani. Mheshimiwa anaweza fika saa tano au saa nane, na anaweza toka mazishi moja akaenda nyingine bila kuambia familia ya pili.

Sasa uliza, kwa hayo mazishi, nani ameitwa kupiga vidio ya kutoka juu? Msee wa droni. Na ni saa gani familia inataka droni iwe juu kabisa? Saa ile mheshimiwa anaingia. Yaani tumejipanga wenyewe, kwa ganji yetu, kuweka droni na chopa kwa uwanja mmoja, saa moja, na hakuna mmoja wao anajua mwingine yuko wapi.

Naivasha ni hivyo hivyo wakati wa Safari Rally, tangu irudi kwa ubingwa wa dunia mwaka 2021. Chopa za kamera hufuata magari zikiwa chini sana, na kuna zingine za usalama na za matibabu. Ukiwa Hell's Gate au Sleeping Warrior kule Soysambu na droni yako ya kuchukua kontenti, hauko peke yako hewani. Rubani wa chopa anaangalia gari, vumbi na nyaya. Kitu ya gramu 895 yenye rangi ya kijivu hawezi kuiona hadi iwe kwa kioo.

Na wewe chini hutajua. Hiyo ilishatokea. Tarehe 21 Septemba 2017, karibu na Staten Island, New York, droni ya Phantom 4 iligongana na helikopta ya jeshi aina ya Black Hawk. Helikopta ilirudi salama, lakini bawa lake kubwa lilibonyezwa. Mwenye droni alikuwa zaidi ya kilomita 3 kutoka hapo, anaangalia skrini tu. Hakujua amegonga helikopta ya jeshi. Alikuja kuambiwa na wachunguzi.

Wiki tatu baadaye, tarehe 12 Oktoba 2017, ndege ndogo ya Skyjet ikiwa na watu 8 ilikuwa inakuja kutua Quebec City, Kanada. Droni ikaigonga bawa. Ikatua salama. Januari 2025, moto ukiwa unakula nyumba Los Angeles, droni ya raia ilitoboa bawa la ndege ya kumwaga maji. Hakuna mtu aliumia, lakini ndege hiyo ilipelekwa gereji siku kadhaa wakati mtaa ulikuwa unaungua. Mwenye droni alikuwa ameipeleka mbali hadi hakuiona tena kwa macho.

Huo mfano wa mwisho uweke hapa nyumbani. Bwawa la Solai lilipasuka Mei 2018, Mai Mahiu ikabebwa na maji Aprili 2024. Siku kama hizo zinahitaji chopa za uokoaji, na ndizo siku kila msee wa kontenti anataka picha ya kutoka juu. Droni ya waokoaji wenyewe inasaidia sana kutafuta watu. Droni ya msee wa kutafuta views inaweza fanya rubani wa chopa aamue kutoshuka.

Hewa ya Nax ina mambo yake

Kuna vitu vingine vya hapa kwetu vyenye kitabu cha droni hakitakuambia.

Nakuru mjini iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, karibu sehemu moja kati ya sita. Propela lazima zizunguke kwa nguvu zaidi ndio droni ikae juu. Betri inaisha mapema kuliko zile dakika zimeandikwa kwa boksi, kwa sababu boksi liliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari na bila upepo. Na upepo ukikupiga ghafla, nguvu ya akiba ya kupigana nao ni kidogo.

Upepo nao tuko nao. Jina Nakuru lenyewe watu wanalitoa kwa Kimaasai, mahali pa vumbi. Mtu amekaa Nax kwa kiangazi anajua vile vimbunga vidogo vya vumbi huanza mchana bila kuomba ruhusa, vinabeba makaratasi hadi juu ya mabati. Droni ya gramu 249 kwa kitu kama hicho ni karatasi yenye betri.

Halafu kuna Menengai. Ukingo wake unafika mita 2,278, na sakafu ya kreta iko mamia ya mita chini. Droni yako inapima urefu kutoka pale uliporushia. Ukirusha kutoka ukingoni, uipandishe mita 100, halafu uipeleke mbele juu ya kreta, skrini bado inasema mita 100. Ukweli ni kwamba ardhi imekimbia chini, na sasa uko juu sana kuliko ile mita 120 ya sheria, kwa kimo chenye ndege ndogo na chopa hupita. Hujagusa kitu kwa rimoti na umevunja sheria. Mambo ni yale yale kwa zile sehemu za kupiga picha za bonde pale juu ya Mai Mahiu.

Na ndege wenye manyoya pia wanahesabiwa. Ziwa Nakuru, Elmenteita na Bogoria ziko kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, na sababu moja kubwa ni ndege. Mwewe na tai wanaweza shambulia droni. Hiyo ni hatari kwako. Hatari kwao ni mbaya zaidi. Mei 2021, huko Bolsa Chica, California, droni moja ilianguka kwa kisiwa cha kutagia. Ndege walitoroka wote na hawakurudi, wakaacha mayai zaidi ya 1,500 hapo hapo. Sisi flamingo wetu hawatagi Ziwa Nakuru, wanaenda Natron, Tanzania. Lakini pelikani weupe wanataga kwa visiwa vya mawe vya Elmenteita. Droni moja ya mtu anatafuta vidio ya sekunde 15 inaweza maliza msimu mzima. Na ndani ya mbuga yoyote ya KWS, droni bila ruhusa yao ni hapana.

Sheria inasema nini kwa Kiswahili cha kawaida

Kenya imezunguka sana na hii maneno. Mwaka 2015 KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege, ilisema hakuna kurusha droni bila idhini yao na ya Wizara ya Ulinzi. Kanuni zikachapishwa 2017, Bunge likazifuta 2018. Zile zinafanya kazi zilitoka Machi 2020.

Kwa ufupi: droni lazima isajiliwe na KCAA, na hata kuiingiza nchini unahitaji kibali. Mwenyewe awe na miaka 18 au zaidi. Usipite futi 400. Iwe mahali unaiona kwa macho yako, si kwa skrini. Kaa mita 50 kutoka kwa mtu, gari au jengo lenye haliko chini ya usimamizi wako. Kaa kilomita 10 kutoka kwa viwanja vikubwa vya ndege na 7 kutoka kwa vidogo, isipokuwa umeruhusiwa. Ukiruka kwa pesa, unaingia kwa mambo ya leseni ya rubani na cheti cha biashara. Na usidhani ile ruhusa ya droni za chini ya gramu 250 wenye unaona Marekani itakuokoa hapa.

Sasa toa ramani. Chora duara la kilomita 7 kutoka kiwanja cha Lanet. Limemeza Pipeline na Free Area. Lifanye kilomita 10 na unaanza kugusa mjini kati. Ongeza Ikulu ndogo ya Nakuru, kambi za Lanet na Gilgil, gereza la Naivasha, mbuga, na nyaya za umeme zinatoka Olkaria. Utaona penye umebaki kuruka bila kuuliza mtu ni padogo kuliko vile ulifikiria.

Na ile ya mita 50 inagonga harusi moja kwa moja. Wageni 300 kwa hema hawajakuwa "chini ya usimamizi" wako kwa sababu bwana harusi amekulipa deposit. Yeye amekubali hatari. Ule mzee wa kanisa kiti cha nyuma hajaulizwa.

Kunyamaza ndio hatari kubwa

Hapa ndio mimi nakataana na wale wa kusema tu "fuata sheria."

Kufuata sheria yote, na karatasi zote, mafunzo, leseni na bima, inagharimu doh yenye kijana anaanza hana. Droni yenyewe amekopa. Job ya kwanza ni ya thao chache. Kwa hivyo anaruka kisiri, na hiyo kisiri inabadilisha vile anaruka. Anarushia nyuma ya jengo ndio asionekane, na hapo hawezi iona kwa macho. Hawezi pigia mtu simu kuuliza kama kuna chopa inakuja, kwa sababu akiuliza amejisema. Hana bima, kwa hivyo ikianguka kwa kioo cha gari ya mgeni, anazima simu na kuhama mtaa.

Na mbaya zaidi, ikianguka bila kuumiza mtu, anaokota vipande ananyamaza. Usafiri wa ndege duniani ulipata usalama wake kwa kitu kimoja kikubwa: watu walianza kusema walivyokosea, hata kama ndege haikuanguka, ndio wengine wajifunze. Ukiadhibu kila mtu anaongea, utaacha kusikia. Halafu siku moja msiba ukitokea, viongozi watasema hakuna dalili ilionekana. Dalili zilikuwa mingi, zimefichwa chini ya vitanda Section 58 na Kiamunyi zikiwa na propela zimevunjika.

Kuna mtu atasema, "Lakini kwa hizo kesi za ndege umetaja, zote zilitua salama." Kweli. Na ndio maana mimi siogopi droni kama vile watu wengine wanataka tuogope. Rwanda wamepeleka damu hospitalini na droni za Zipline tangu 2016, na kampuni hiyo inafanya kazi hata upande wa Kisumu. Droni hizo zina njia zimepangwa, parashuti, na watu wa hewa wanajua ziko wapi. Droni inaweza kuwa salama sana. Yetu ya harusi haina hata moja ya hizo.

Kitu ya kuitisha ni rahisi. Mafunzo na mtihani viletwe Nakuru, kwa bei ya msee wa mtaa. Daraja la chini la leseni kwa droni ndogo na job ndogo. Namba moja ya kuripoti droni imeanguka bila kushikwa. Na sheria ya chopa za mikutano: mwenye kuleta chopa aambie wenye shughuli saa yake, na wenye shughuli wamwambie msee wa droni. Hiyo ya mwisho haihitaji Bunge. Inahitaji simu moja.

Kabla uinue Jumamosi hii

Hadi hayo yafike, kuna maswali unaweza jiuliza hapo kwa uwanja, na hayakuli hata bob moja.

Ikizima sasa hivi, inaangukia nini? Kama jibu ni kichwa cha mtu, sogea. Picha nzuri ya hema inatoka pembeni, na kuna lensi ya kuvuta. Piga ya juu kabla wageni wafike au wakiwa wameenda kwa chakula.

Kuna chopa inakuja? Uliza MC, uliza kamati, uliza bodigadi wa mheshimiwa. Ukisikia mlio, shuka. Usingoje kuona iko upande gani. Chopa ikiwa imefika, kazi yako ya juu imeisha hadi iondoke.

Ile urefu wa kurudi nyumbani umeseti mita ngapi? Droni ikipoteza mawasiliano itarudi kwa mstari ulionyooka. Kama umeweka mita 30 na kuna mlingoti wa simu au msitu wa mikaratusi katikati, umeipangia ajali.

Betri imefura? Itoe kabisa, na usiichaji ukiwa umelala kwa keja ya chumba kimoja. Unarushia kutoka kwa paa la zege lenye chuma ndani? Dira ya droni inaweza changanyikiwa, tafuta nyasi.

Na kuna mtu wa pili hapo? Wewe macho yako iko kwa droni. Mwingine, hata kama ni dogo wa kubeba taa, aangalie watoto na hewa. Mlipe soo tano.

Mteja akikuambia ushuke karibu zaidi, mwambie hapana na umpe sababu. Akitishia kukata balansi, kumbuka ile balansi ni thao ngapi, halafu piga hesabu ya bili ya hospitali ya mtoto mmoja pale hospitali kuu ya Nakuru. Weka hiyo kwa makubaliano kabla ya siku ya job, kwa maandishi, hata kama ni WhatsApp: droni haipiti juu ya watu, na rubani ndiye anaamua. Wasee wote wa droni Nax wakianza kusema hivyo wiki moja, hakuna mteja atapata wa kushusha.